Upasuaji wa Aota Iliyotuna na Kuambukizwa: Tathmini ya Huduma Tuliyoipata Dodoma

Baba yangu ana miaka 67 na ni mfugaji katika kijiji kimoja wilayani Bahi. Miezi saba iliyopita alipasuliwa tumbo katika hospitali moja kubwa ya jijini Dodoma, akaondolewa kipande cha aota, yaani ule mshipa mkuu unaoitoa damu kwenye moyo na kuishusha hadi kiunoni, kwa kuwa kilikuwa kimetuna na ukuta wake umeliwa na bakteria. Ninaiandikia huduma hiyo tathmini kama watu wanavyotathmini gari au nyumba ya wageni, kwa sababu siku tuliyotajiwa ugonjwa huo nilitafuta usiku kucha maelezo ya Kiswahili ya familia iliyowahi kuupitia, nikaambulia patupu. Hospitali sitaitaja. Ninayo ya kuisifu na ninayo ya kuilalamikia.

Niseme mapema ninavyoipima. Wengi wetu tukisikia upasuaji mkubwa tunauliza bingwa ni nani na amesomea wapi. Kwa ugonjwa huu hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama damu ya mgonjwa ilichukuliwa ili ioteshwe vimelea maabara kabla dripu ya antibiotiki haijafunguliwa, na kama yupo mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuyafuatilia majibu yake. Hapo ndipo hospitali yetu ilipopata alama za juu kabisa, na hapohapo ndipo ilipotuangusha.

Homa ilimwanza baba kidogokidogo, ikija jioni na kuondoka alfajiri, pamoja na maumivu ya mgongo wa chini ambayo yeye aliyasingizia kazi ya kuchimba kisima cha mchangani kwa ajili ya ng'ombe. Katika zahanati moja alipimwa malaria, haikuonekana. Akapimwa Widal, kipimo cha damu cha taifodi, ikasoma. Akaambiwa ana taifodi na kuchomwa sindano za antibiotiki ya seftriaksoni kwa siku saba. Siku ya tatu homa ikakata. Siku kumi baada ya sindano ya mwisho ikarudi, safari hii na maumivu yaliyohama kutoka mgongoni kuja kitovuni, na baba akawa amekonda hadi mkanda wake ukatobolewa tundu jipya kwa msumari.

Tulimleta mjini kupigwa picha ya utrasaundi ya figo, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba tatizo ni figo. Kijana aliyekuwa akipima alizimaliza figo upesi, kisha akakituliza kile kifaa juu ya kitovu kwa muda mrefu, akakiinua, akapaka jeli tena, akakirudisha palepale. Hakutueleza mengi. Aliandika kwamba aota ina kifuko, na chini ya karatasi akaandika kwa herufi kubwa MUONE DAKTARI LEO, akalipigia neno la mwisho mistari miwili. Kama kuna nyota za kugawa, ya kwanza ni ya kijana huyu.

Kwa mtu mzima aota ya sehemu ile, chini ya mishipa ya figo, huwa na upana wa sentimita 2 hivi. Ikifika 3 huhesabiwa kuwa imetuna, na ile ya kawaida, ambayo hutokana na uzee, sigara na presha, kwa wanaume huachwa ikiangaliwa tu mpaka ifike sentimita 5.5 ndipo upasuaji uzungumzwe. Kipimo cha CT chenye rangi, alichopigwa baba siku aliyolazwa, kilionyesha sentimita 4.1. Kwa hesabu ya kawaida tungerudishwa nyumbani na tarehe ya kliniki. Daktari aliyeisoma picha hakuiangalia namba peke yake. Alituonyesha kwenye kompyuta kwamba mshipa haukuwa umetanuka pande zote kama mpira. Ulikuwa umetoa kifuko upande mmoja, kama zabibu iliyochomoza kwenye kikonyo chake, na nyama zinazouzunguka zilikuwa zimevimba na kufifia mipaka. Ukijumlisha na homa, alisema, hiki ni kifuko cha maambukizi, na kifuko cha maambukizi hakina ukubwa wa salama. Siku nane baadaye kipimo kilirudiwa kikasoma 5.2. Ile ya uzee hukua kwa milimita chache kwa mwaka mzima.

Jina la ugonjwa lilituletea kisa cha pembeni. Mwaka 1885 daktari William Osler aliueleza kwa jina linalotokana na uyoga, kwa Kiingereza "mycotic aneurysm", kwa kuwa vioteo alivyoviona kwenye moyo na mishipa vilimkumbusha kuvu, na jina hilo limeng'ang'ania hadi leo ingawa mara nyingi sana kinachosababisha ni bakteria. Mdogo wangu, ambaye husoma kila kitu kwenye simu, alikuja wodini akidai kwamba baba anapewa dawa zisizo zake na kwamba anahitaji dawa ya fangasi. Muuguzi wa zamu alimsikiliza hadi mwisho bila kucheka, jambo ambalo mimi sikuliweza.

Sasa nije kwenye damu. Tulifika mapokezi ya dharura saa tatu usiku. Nilitaka baba awekewe dripu papo hapo, na nilisema hivyo kwa sauti ambayo sasa inanitia haya. Daktari wa zamu, binti ambaye nadhani ana umri wa mwanangu wa kwanza, alinijibu kwa upole: "Mama, mzee presha yake iko sawa na anaongea vizuri. Nikimpa dawa sasa hivi, nitakuwa nimewafukuza wadudu kabla sijawaona sura. Nipe nusu saa." Akachukua damu mkono wa kushoto, akachukua mkono wa kulia, akasubiri kidogo akachukua tena, na kila mara alisugua ngozi kwa spiriti, akaiacha ikauke, akasugua upya. Chupa maalumu za kuoteshea zilikuwepo mbili tu. Ya tatu tulitumwa kuinunua nje, na kaka yangu aliipata katika duka la tatu la vifaa vya tiba alilolizungukia, muuzaji akiwa tayari anashusha mlango. Daktari aliandika saa na mkono uliotolewa damu kwenye kila chupa, akaziweka mfukoni mwa koti lake na kuzipeleka maabara yeye mwenyewe. Ndipo dripu ikafunguliwa. Ninaieleza nusu saa hiyo kwa urefu kwa sababu matibabu yote yaliyofuata, hadi vidonge anavyomeza baba leo asubuhi, yametoka kwenye chupa zile tatu.

Na sasa lawama. Majibu yalikamilika Ijumaa saa nane mchana. Muhuri wa maabara unaonyesha hivyo. Yalikaa kwenye trei hadi Jumatatu. Maabara ilidhani wodi itakuja kuyachukua, wodi ilidhani maabara itapiga simu, na kati ya dhana hizo mbili baba aliendelea kuchomwa antibiotiki mbili za kubahatisha, moja ikiwa ni ile inayolazimu figo zichunguzwe kila siku na ambayo kila chupa yake tuliinunua nje ya hospitali. Niliyagundua mimi, Jumatatu asubuhi, niliposimama dirishani kuuliza kwa mara ya nne. Mkuu wa zamu wa maabara alinisikiliza, hakujitetea, akachukua kalamu ya wino mzito na kuiandika namba ya simu ya wodi kwenye karatasi aliyoibandika juu ya mashine ya kuoteshea. Kitendo hicho nakiheshimu. Lakini siku tatu kwa mgonjwa ambaye kifuko chake kinakua kila uchao ni deni ambalo karatasi ya ukutani haililipi, na kama ningekuwa natoa alama kwa idara badala ya huduma nzima, hapa ningekata nusu.

Aliyeota kwenye chupa alikuwa bakteria aitwaye Salmonela, si ule wa taifodi wenyewe bali mmoja wa ndugu zake wengi ambao watu huwapata kwa chakula: nyama isiyoiva, mayai, maziwa mabichi. Ukiitazama ile zahanati ya kwanza kwa jicho hili, inachekesha na kuhuzunisha. Kipimo cha Widal, ambacho kimekuwepo tangu 1896, husoma kinga ya mwili, na kinga dhidi ya ndugu mmoja yaweza kusoma kama ni dhidi ya mwingine. Kwa hiyo waliposema taifodi walikuwa wamegonga mlango wa jirani. Walichokosa kuuliza ni kwa nini homa imekata na kurudi, kwa maana bakteria anayerudi baada ya sindano saba ana mahali anapojificha. Kwa mzee aliyevuta sigara kwa miaka mingi na mwenye presha isiyotibiwa, ukuta wa aota huwa na makovu na magamba ya mafuta, na Salmonela anayepita kwenye damu hushika hapo kama miiba inavyoshika kwenye shuka. Zile sindano zilimlaza tu.

Madaktari walimpima pia kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, bruselosi, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuivamia aota na baba ameishi na ng'ombe maisha yake yote. Vyote havikuonekana. Alipoulizwa kama huwa anachemsha maziwa, alijibu kwamba maziwa ya kuchemsha ni ya wagonjwa. Daktari akaandika.

Kikao cha familia na daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ndicho sehemu bora ya huduma nzima. Bingwa huyo alikuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme ya jioni, kwa sababu waliona ni hatari kumsafirisha baba kwa gari la wagonjwa zaidi ya kilomita 400 akiwa na kifuko kinachoweza kupasuka njiani. Kesho yake asubuhi aliingia wodini, akamsalimia baba kwa Kigogo, "Mbukwenyi," ingawa yeye si mwenyeji wa huku, na baba, ambaye alikuwa hajatabasamu kwa wiki nzima, akaitikia kwa sauti. Kisha alichana boksi la glovu, akaligeuza, akachora aota upande wa ndani kwa kalamu ya bluu: bomba moja lililopanda, mishipa miwili ya figo kama masikio, kifuko ubavuni, na chini bomba likigawanyika kuelekea miguuni. Boksi hilo ninalo nyumbani.

Alitueleza njia zilizopo bila kuficha. Dawa peke yake zingepunguza homa, lakini ukuta ulioliwa haujijengi tena, na aota ikipasuka tumboni wengi hawafiki hospitali. Njia ya pili ni ya kupitishia kinenani bomba la kitambaa lenye chuma, likafunguka ndani ya mshipa na kuliziba lile tundu kwa ndani, mbinu ambayo Juan Parodi aliifanya kwa mara ya kwanza Buenos Aires mwaka 1990. Tumbo halipasuliwi, mgonjwa anaamka mapema. Tatizo ni kwamba unakiweka kitu kigeni katikati ya kiota cha bakteria na kiota unakiacha palepale, kwa hiyo mgonjwa anabaki na dawa kwa muda mrefu sana, pengine maisha. Hakuibeza. Alitueleza kwamba Sweden waliwafuatilia wagonjwa 132 waliotibiwa kati ya 1994 na 2014, na waliowekewa bomba la ndani walinusurika zaidi katika miezi ya mwanzo kuliko waliopasuliwa, ingawa baadaye tofauti hiyo ilififia. "Mzee angekuwa anavuja damu usiku huu na kifaa ninacho mkononi, ningekiweka bila kuwauliza mara mbili," alisema. Kifaa hakuwa nacho, kukiagiza kungechukua muda ambao kifuko hakingetupa, na baba alikuwa bado na nguvu za kuuhimili upasuaji.

Njia ya tatu ni kuifunga aota juu na chini, kukiondoa kifuko, na kuipelekea miguu damu kwa bomba la plastiki linalopita chini ya ngozi kutoka kwapani hadi mapajani. Bomba hilo linakaa mbali na usaha, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini kisiki cha aota kilichofungwa kinaweza kufumuka siku yoyote, na bomba refu namna hiyo huziba kwa urahisi.

Ya nne ni kukikata kifuko, kusafisha kila kilichooza hadi ufikie nyama hai, na kuweka mshipa mwingine palepale ulipokuwa wa zamani. Mshipa huo unatoka wapi? Charles Dubost, Paris, mwaka 1951, alitumia kipande cha aota ya maiti, na hadi leo wenye benki za viungo hutumia mishipa ya marehemu iliyogandishwa. Wengine huweka bomba la kitambaa lililolowekwa rifampisini, dawa ileile ya kifua kikuu. Na wapo wanaochukua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za ndani ya mapaja ya mgonjwa mwenyewe, wakazishona pamoja kuwa aota mpya, jambo ambalo Clagett na wenzake wa Dallas walilieleza mwaka 1993. Bingwa wetu alipendekeza hili la mwisho. Nyama ya mtu mwenyewe huvumilia maambukizi kuliko kitambaa chochote, na pia, alisema akimtazama kaka yangu aliyekuwa ameshika daftari la hesabu, vena haziuzwi dukani. Gharama yake ni muda: upasuaji unaongezeka saa kadhaa, na miguu hubaki na tabia ya kuvimba.

Baba mdogo, ambaye alikuwa amekaa kimya akiizungusha fimbo yake, aliuliza swali ambalo sisi tuliosoma hatukulifikiria: ukiutoa mshipa wa paja, damu ya mguu itarudi moyoni kwa njia ipi? Bingwa alifurahi waziwazi. Alichora tena, akaonyesha vena nyingine, ya juu na za pembeni, zinazobeba mzigo huo taratibu, na akaeleza kwamba walikuwa wamezipima kwa utrasaundi kuhakikisha ziko wazi. Kisha baba mdogo akauliza kama mtu hufa. Akajibiwa kwamba ndiyo, hata katika hospitali tajiri za Ulaya wapo wanaofia mezani na wapo wanaofia wodini baadaye, na kwamba angekuwa anatudanganya kama angesema vinginevyo. Baba ndiye aliyekata shauri. Alitia saini kwa dole gumba ingawa anajua kuandika jina lake, kwa maelezo kwamba dole ni lake na jina alipewa tu.

Upasuaji ulianza saa mbili asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni. Ndugu tisa walikuwa wamechangia damu siku mbili kabla, na zilitumika chupa sita. Baadaye bingwa alitusimulia kwamba ukuta wa nyuma wa kifuko haukuwepo kabisa; damu ilikuwa imezuiwa na nyama za uti wa mgongo na donge lililoganda. Walibana aota chini ya mishipa ya figo, wakakata, wakakwangua na kusafisha, wakapeleka vipande maabara vikaoteshwe upya, wakashona zile vena mbili, na mwisho wakauvuta ule utandu wa mafuta unaofunika utumbo, ambao kila aliyewahi kuchuna mbuzi anaujua, wakauzungushia mshipa mpya kama shuka. Utandu huo una damu nyingi, na damu hupeleka dawa na askari wa mwili mahali palipokuwa na usaha. Nilipomwambia baba, alisema kwamba sehemu hiyo huwa anampa mbwa.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi alikaa siku nne, na huko nilimwona muuguzi mmoja akifanya kitu ambacho nadhani ndiyo kiini cha uuguzi. Alipapasa juu ya wayo wa baba mpaka akaupata mpigo, akauwekea alama ya X kwa kalamu, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Kila saa aliyeingia zamu, hata kama hamjui baba, aliweka vidole palepale kwenye X, akahesabu, akashika ngozi kuona kama ina joto, akaandika, na kisha akautazama mfuko wa mkojo, kwa sababu figo zilizokuwa jirani na koleo huweza kugoma. Usiku wa pili X ya kushoto ilikuwa kimya. Bingwa aliitwa saa nane usiku akafika kabla ya saa tisa. Kumbe ni uvimbe tu ulioufunika mpigo, nao ulisikika kwa kifaa cha sauti. Kwangu kengele ile ya uongo ina thamani kubwa. Ilinionyesha kwamba mtu alikuwa anaangalia.

Mengine nayapita haraka. Uji wa wodini ni mwepesi. Vyoo vya upande wa wanaume ni visafi asubuhi tu. Ndugu wanaotoka mbali hawana pa kulala na hulala kwenye veranda, ambako usiku wa Dodoma mwezi wa saba si wa mchezo. Dirisha la malipo husimama kila mtandao unaposimama, na mtandao husimama mara nyingi.

Gharama zina umbo ambalo hatukulitarajia. Bima ilibeba kulazwa, vipimo vingi na upasuaji wenyewe. Zaidi ya nusu ya fedha zilizotoka mifukoni mwetu zilikwenda kwenye dawa na vifaa vilivyokosekana hospitalini, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa ni ile antibiotiki ya siku tatu za majibu yaliyolala kwenye trei. Baada ya majibu, baba alirudishwa kwenye seftriaksoni ileile ya zahanati, lakini kwa kipimo kikubwa na kwa wiki sita kamili. Kwa vile huchomwa mara moja kwa siku, aliruhusiwa baada ya siku kumi na tisa na akamalizia kwenye kituo cha afya karibu na kwangu Nkuhungu, mpango ambao mfamasia wa hospitali aliupanga kwa simu mbili na barua moja, na ambao ulituokoa kitanda cha wiki tatu.

Mfamasia huyohuyo alifanya jambo jingine. Baada ya sindano baba alihitaji vidonge kwa miezi kadhaa, na daktari wa wodi alikuwa ameandika siprofloksasini, kwa kuwa majibu yalionyesha inafaa. Mfamasia alirudi na karatasi akakumbusha kwamba mwezi Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu kundi hilo la dawa kwa watu wenye aota iliyotuna au walio katika hatari ya kutuna. Waliketi, wakayasoma majibu upya, wakachagua kotrimoksazoli, ambayo Salmonela wa baba aliiogopa pia, kwa sharti la kupima figo na potasiamu mara kwa mara. Kotrimoksazoli ni septrini, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani. Hapa ushauri nasaha ulipungua, maana kijijini kwetu septrini ya muda mrefu ina tafsiri moja tu. Baba mdogo alikiona kikopo, akanyamaza siku mbili, kisha akaniita pembeni ya zizi na kuniuliza kwa sauti ya chini kama kaka yake ana ule ugonjwa mwingine. Ilibidi nimwonyeshe karatasi ya majibu. Dakika tano za maelezo kabla ya kuruhusiwa zingetosha.

Barua ya kuruhusiwa, kwa kuwa nimeanza kulalamika, iliandikwa kwa mkono usiosomeka, na kituo cha afya walilazimika kunipigia simu mimi, mwalimu wa jiografia, niwasomee. Nilirudi kudai iliyochapwa. Niliipata siku hiyohiyo.

Kwa jumla ninatoa nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni ya Ijumaa hadi Jumatatu. Kwa anayempeleka mzazi wake kesho, popote pale, aulize mapokezi kama damu ya kuotesha itachukuliwa kwanza, aandike tarehe na saa ilipochukuliwa, na kuanzia siku ya pili asimame dirishani kuulizia bila aibu.

Kipimo cha CT cha miezi sita baada ya upasuaji kimeonyesha aota mpya iliyonyooka, bila usaha pembeni. Septrini inaendelea hadi daktari atakaposema basi. Miguu huvimba jioni, ule wa kulia zaidi, naye ameamriwa kuvaa soksi za kubana, ambazo anazilalamikia kuliko alivyoulalamikia upasuaji, kwa kuwa anasema hazikutengenezwa kwa jua la Bahi. Wiki iliyopita nilimkuta amezivaa, amekaa chini ya mbuyu, na kando yake kuna sufuria ya maziwa inayotoa mvuke. Aliniambia nisimwambie mtu.